Shujaa na Waitikiaji Wake: Kisasili, Umwagaji Damu na Utaifa wa Kidini katika Fasihi ya Marekani

Uhakiki wa visasili vya kishujaa vya Marekani umemshughulikia mno shujaa mwenyewe. Tangu R. W. B. Lewis alipochapisha The American Adam mwaka 1955, na hasa baada ya Richard Slotkin kutoa Regeneration Through Violence mwaka 1973, swali lililotawala ni lile la chimbuko: mtu huyu mwenye bunduki, anayeishi mpakani mwa makazi na nyika, ametoka wapi na anawakilisha nini? Swali hilo limezaa matunda mengi, wala makala haya hayakusudii kulibeza. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba wimbo hauimbwi na mwimbishaji peke yake. Wapo waitikiaji, na pasipo kiitikio wimbo hukatikia njiani. Makala haya yanadai kwamba kisasili cha shujaa mtakatifu wa Marekani, yaani shujaa ambaye umwagaji damu wake huhesabiwa kuwa ibada na ambaye taifa lake huhesabiwa kuwa teule, huishi kwa kiitikio cha umma. Yanadai pia kwamba kazi bora za fasihi hiyo, Moby-Dick ya Herman Melville ikiwa mbele ya zote, zimewachunguza waitikiaji kwa ukali kuliko zilivyomchunguza shujaa.

Hoja ya Slotkin, kwa ufupi, ni kwamba walowezi wa Kiingereza walijisimulia kuwa wamezaliwa upya kwa njia ya vita vya nyikani: waliyaacha ya Ulaya, wakaingia mwituni, wakamwaga damu ya wenyeji, na katika kuimwaga wakawa watu wapya. Chanzo cha masimulizi hayo ni Wapuritani wa New England, waliojiona kuwa wamefunga agano na Mungu kama Waisraeli wa kale. Mwaka 1637, katika vita dhidi ya Wapequot, majeshi ya walowezi pamoja na washirika wao wa makabila mengine yalikizingira kijiji cha Mystic, yakakitia moto, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakateketea. Kapteni John Underhill, aliyekuwa mmoja wa makamanda, alichapisha taarifa yake mjini London mwaka 1638. Alipofikia suala la huruma, aliwaelekeza wasomaji kwenye vita vya Daudi.

Wahakiki wamelitumia jibu hilo mara nyingi kuonyesha jinsi Maandiko yalivyogeuzwa kuwa silaha. Ambacho hakijasisitizwa vya kutosha ni kwamba hilo ni jibu. Underhill mwenyewe anakiri kwamba wapo waliouliza sababu ya ukali ule. Hii ni kusema kwamba mwaka mmoja tu baada ya moto wa Mystic palikuwa na waumini waliosita kuitikia, na kwamba Daudi aliitwa si kuwatisha maadui bali kuwanyamazisha waliosita. Kisasili hakikuzaliwa kikiwa kimekamilika. Kililazimika kuutafuta umma wake, na kuushinda.

Jambo hilohilo linaonekana katika historia ya mahubiri ya John Winthrop ya mwaka 1630, ambayo siku hizi huchukuliwa kana kwamba ndiyo hati ya kuzaliwa kwa taifa. Winthrop aliwaambia wenzake kwamba watakuwa kama mji uliojengwa juu ya mlima. Msomaji akiisoma sehemu hiyo katika muktadha wake ataona kwamba ni onyo: macho ya watu wote yatawaangalia, na wakilivunja agano watakuwa mfano wa aibu. Aidha, sehemu kubwa ya mahubiri inahusu sadaka, mikopo na wajibu wa mwenye nacho kwa asiye nacho. Hayakuchapishwa mpaka mwaka 1838, zaidi ya karne mbili baadaye. Ronald Reagan alipoitumia taswira hiyo katika hotuba yake ya kuaga ya Januari 1989, mji ulikwisha kuongezewa mng'aro ambao Winthrop hakuwa ameupa, na lile onyo lilikuwa limekwisha kuwa majigambo. Mabadiliko hayo hayakufanywa na shujaa yeyote. Yalifanywa na vizazi vya wasomaji, walimu na wahubiri, kila kizazi kikiitikia kwa sauti kubwa kidogo kuliko kilichotangulia na kusahau kidogo zaidi.

Kati ya Winthrop na Melville yapo mengi ambayo hayana haja ya kurefushwa hapa. Mary Rowlandson, aliyetekwa mwaka 1676 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1682, aliwapa wasomaji muundo wa mateka anayeokolewa na Mungu. John Filson, mwaka 1784, aliwapa Daniel Boone. James Fenimore Cooper, katika riwaya tano za kati ya 1823 na 1841, aliwapa Natty Bumppo, mwindaji ambaye huulinda mji kisha huukimbia. Inatosha kutaja kwamba kuondoka kwa Natty kuna kazi maalumu katika usimulizi: anaondoka na damu mikononi, na mji unabaki na ardhi. Cooper aliiona huzuni ya mpango huo, ila hakuwauliza raia wa mji huo swali lolote zito.

Swali hilo liliulizwa na Melville. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Melville naye aliwahi kuitikia. Katika White-Jacket, riwaya ya mwaka 1850 inayopinga adhabu ya viboko katika jeshi la majini, mna sura ambayo ndani yake Wamarekani wanatangazwa kuwa watu wateule, Israeli ya zama zao, wanaolibeba sanduku la uhuru wa dunia. Kifungu hicho hunukuliwa sana na wanaotaka kuonyesha utaifa wa kidini wa karne ile, na kwa haki. Mwaka 1845 jarida la Democratic Review lilikuwa limekwisha kuieneza fikra kwamba kutanuka kwa taifa hadi Bahari ya Pasifiki ni majaliwa yaliyoandikwa na Mungu. Kati ya 1846 na 1848 sehemu kubwa ya ardhi ya Mexico ilitwaliwa kwa vita. Ajabu ni kwamba mwandishi wa kifungu kile ndiye aliyetoa Moby-Dick mwaka mmoja tu baadaye. Baina ya vitabu hivyo viwili kuna sheria ya 1850 iliyowalazimisha raia wa kaskazini kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Kuna pia uamuzi wa Aprili 1851 ambapo Jaji Lemuel Shaw wa Massachusetts, baba mkwe wa Melville, alikataa kumwachilia Thomas Sims, kijana aliyekuwa ametoroka utumwani, naye akarudishwa Georgia. Haidaiwi hapa kwamba uamuzi huo ndio uliozaa riwaya. Ila ni vigumu kuamini kwamba mwandishi aliyekuwa na jaji huyo katika ukoo wake hakufikiri juu ya watu wema wanaotii.

Riwaya yenyewe imejaa ibada. Kabla ya safari, Padri Mapple anahubiri juu ya Yona katika mimbari yenye umbo la omo ya merikebu, akisisitiza kwamba kumtii Mungu ni kujiasi nafsi yako. Mara merikebu inapokuwa baharini, ibada ya pili inaanzishwa na Nahodha Ahab, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Katika sura ya 36 anawakusanya mabaharia wote sitahani, anapigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti, anawauliza maswali mafupi ya kazi yao ya kuwinda nyangumi, nao wanajibu kwa pamoja. Mpangilio huu wa swali la mmoja na jibu la wengi unastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote aliyezoea ngoma au ibada. Ahab haanzi na kisasi chake. Anaanza na mambo ambayo kila baharia ameyajibu mara mia, na wao wenyewe wanashangaa, kama riwaya inavyoeleza, jinsi wanavyochangamshwa na maswali yasiyo na maana kubwa. Kiitikio kinatangulia maudhui. Wakati nyangumi mweupe anapotajwa, sauti zimekwisha kupashwa moto.

Kinachofuata ni kejeli ya ekaristi. Wapiga chusa watatu, Queequeg, Tashtego na Daggoo, wanavua vyuma vya machusa yao, vinageuzwa, na tundu zake zinatiwa pombe kama vikombe vya altare. Ahab anawaita makadinali wake. Baadaye, katika sura ya 113, chusa atakalolitumia yeye mwenyewe linapozwa kwa damu ya wapagani haohao watatu na kubatizwa kwa jina la shetani. Mhakiki asisite mno juu ya jina hilo la shetani, kwani ni rahisi kulitumia kumtenga Ahab na taifa lake. Mambo mengine yote ya ubatizo ule, yaani silaha, damu ya watu wasiokuwa Wakristo, na kiongozi anayejitwalia ukuhani, yalikuwa na historia ndefu chini ya jina la Mungu.

C. L. R. James, mwanazuoni wa Trinidad, aliandika Mariners, Renegades and Castaways (1953) alipokuwa amezuiliwa katika kisiwa cha Ellis akingoja kufukuzwa Marekani. Hadi leo ni miongoni mwa vitabu vyenye nguvu zaidi juu ya Melville. James alimwona Ahab kuwa kielelezo cha dikteta wa karne ya ishirini, na akawaona mabaharia, watu wa mataifa yote walio katika kazi moja, kuwa ndio mashujaa halisi wa riwaya. Kuhusu kazi James amepata. Hakuna mwandishi wa karne ile aliyeieleza kazi ya mikono kwa heshima ile. Lakini kuhusu kosa amewahurumia mno mabaharia wake. Melville hakuwahurumia hivyo, na ushahidi wa jambo hilo umo katika mpangilio wa sura.

Sura ya 40 ni ya usiku wa manane. Mabaharia wanacheza na kulewa, ugomvi wa rangi unazuka, dhoruba inaingia. Mwishoni anabaki Pip, mtoto mweusi mpiga tari, amejibanza, akimwomba Mungu mkubwa mweupe aliyeko juu gizani amhurumie mtoto huyu mdogo mweusi, amwokoe na watu wasiokuwa na moyo wa kuogopa. Ni sala ya kweli ya kwanza kusikika tangu kiapo cha Ahab, na ndiyo pekee isiyoitikiwa na mtu. Ukurasa unaofuata, Ishmael anachukua tena usimulizi na kusema kwamba naye alikuwa mmoja wa mabaharia wale, kwamba sauti yake ilipaa pamoja na zao na kiapo chake kikaunganika na chao. Maungamo haya huchukuliwa na wahakiki wengi kama njia ya kuanza sura ya 41, yenye habari za nyangumi. Yakisomwa mara baada ya sala ya Pip, uzito wake unabadilika kabisa. Msimulizi anaungama kwamba wakati mtoto alipokuwa akiomba, yeye alikuwa upande wa kelele.

Starbuck ni mfano mwingine, na pengine wa kusikitisha zaidi. Msaidizi huyu wa kwanza wa nahodha ni Mkweka, mfuasi wa dhehebu ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalijua kwa jina la Marafiki, na ndiye pekee anayesema waziwazi kwamba kumlipizia kisasi mnyama asiyejua kitu ni kufuru. Anasema, kisha ananyamaza, na Ahab anajua papo hapo maana ya kimya kile. Katika sura ya 123 anasimama nje ya chumba cha nahodha akiwa na bunduki mkononi, anafikiria kuwaokoa watu thelathini kwa kumuua mmoja, anairudisha bunduki mahali pake. Imeelezwa mara nyingi kwamba dini ya Starbuck ilimzuia asiue. Huenda. Lakini dini hiyohiyo haikumzuia kushusha mtumbwi wake majini kila alipoamriwa. Katika Starbuck, Melville amechora aina ya mtu ambaye visasili vya taifa haviwezi kuishi bila yeye: mwema, mwenye shaka, na mwenye utiifu wa kupigiwa mfano.

Mwisho wa riwaya unajulikana, ila jambo moja la kihistoria halijapewa nafasi yake. Toleo la London, lililotoka Oktoba 1851 kabla ya lile la New York, lilikosa tamati inayoeleza jinsi Ishmael alivyookoka juu ya jeneza la Queequeg. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza walilalamika kwamba hadithi inasimuliwa na mtu aliyekufa maji. Malalamiko yao yalikuwa ya kifani tu, lakini yanaonyesha bila kukusudia umuhimu wa kuokoka kule. Shujaa hafi akiacha ushairi wa sifa. Anaacha mwitikiaji mmoja, na huyo anatumia maisha yaliyosalia kueleza jinsi alivyoitikia.

Kama Melville alionyesha kiitikio, Frederick Douglass alikikataa hadharani. Mnamo tarehe 5 Julai 1852, mbele ya hadhira ya Rochester iliyomwalika kuadhimisha uhuru, alihutubia kwa kutumia nafsi ya pili: baba zenu, uhuru wenu, sikukuu yenu. Sarufi yenyewe ilifanya kazi ya hoja. Hakuikana Biblia. Aliyashutumu makanisa yaliyokuwa yakiibariki sheria ya 1850. Hakuna haja ya kuirefusha hotuba hiyo hapa. Yatosha kusema kwamba baada yake hakuna aliyeweza kudai kwamba kiitikio kile kilikuwa cha wote.

Mark Twain aliirudia hali hii mwaka 1905 katika kisa kifupi kiitwacho The War Prayer. Kanisa limejaa, vijana wako njiani kwenda vitani, mchungaji anaomba ushindi. Mgeni mzee anaingia na kuwaeleza nusu ya pili ya sala yao, ile isiyotamkwa: kwamba kuomba ushindi ni kuomba miili ya wengine iraruliwe na wajane wao watangetange. Waumini wanaamua kwamba yule mzee ni mwendawazimu. Twain hajishughulishi na askari wala jemadari. Macho yake yako kwenye viti vya kanisa. Kisa kilikataliwa na jarida kikiwa bado kipya, na hakikuchapishwa mpaka mwaka 1923, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake. Vita vilivyokuwa vikimsumbua ni vya Ufilipino. Machi 1906, majeshi ya Marekani yalipowaua mamia ya Wamoro, wanawake na watoto wakiwamo, katika mlima wa Bud Dajo, Rais Theodore Roosevelt alipeleka pongezi, na Twain akasema maneno makali ambayo nayo hayakuchapishwa wakati wa uhai wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kumjua Roosevelt huyu. Ndiye mwandishi wa The Winning of the West, vitabu vinne vya historia (1889–1896) vinavyoitukuza vita ya walowezi dhidi ya wenyeji kuwa kazi ya ustaarabu. Alipomaliza urais alifika Mombasa, Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512, kwa hesabu yake mwenyewe. Katika African Game Trails (1910) nyika ya Kenya imepewa nafasi ile ile iliyokuwa ya Kentucky ya Boone, na bendera ya Marekani inapepea juu ya hema lake. Waitikiaji nao wapo: wapagazi zaidi ya mia mbili, ambao nyimbo zao anazisifia. Anaandika kwamba walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe Bwana Maridadi. Roosevelt aliyaandika majina hayo kwa furaha. Aijuaye lugha atajiuliza ikiwa mpagazi mwenye mzigo mzito kichwani, amwitapo kijana wa tajiri maridadi, anasifu au anacheka. Kitabu hakina njia ya kulijibu swali hilo, kwa kuwa mwandishi wake hakuwahi kufikiri kwamba kiitikio chaweza kuwa na dhihaka ndani yake.

Sinema za karne ya ishirini ziliendeleza muundo wa Cooper, na nyingi hazihitaji uhakiki mrefu. High Noon ya mwaka 1952 ni ya kutengwa, kwani mna kikao kizima cha kanisa ambamo wananchi wanajadili, kwa adabu na kwa hoja nzuri, kwa nini wasimsaidie mlinzi wao. Anawaua maadui karibu peke yake kisha anaitupa beji yake mavumbini. Shane, ya mwaka uliofuata, inarudi kwenye njia iliyozoeleka: mtoto anatazama mapigano kutoka chini ya mlango wa baa, kisha anamwita shujaa anayeondoka. Mtoto huyo ndiye mtazamaji, na sinema inampenda mno kuweza kumuuliza alichokiona.

Tarehe 6 Januari 2021, kundi la watu walioingia kwa nguvu katika Bunge la Marekani lilifika ukumbi wa Seneti. Nje palikuwa pamesimamishwa mti wa kunyongea, na katika umati mlikuwa na misalaba na bendera zenye jina la Yesu. Ndani ya ukumbi, mtu mmoja aliyevaa manyoya na pembe alipanda kwenye jukwaa la mwongoza kikao, akaomba kwa sauti akimshukuru Mungu kwa nafasi ile, na wenzake wakaitikia amina. Picha za tukio hilo ziliwafanya wachambuzi wengi wamzungumzie mwenye pembe, na si ajabu, kwa sababu alikuwa kama ametoka katika vitabu vya Slotkin: mzungu aliyejivika ngozi za nyikani ili azaliwe upya. Wale walioinamisha vichwa nyuma yake, katika mavazi ya kawaida, hawajapata uchambuzi wa kiasi hicho.

Hata Ishmael, aliyeungama, hakuungama yote. Anapoitambulisha merikebu katika sura ya 16, anaeleza kwamba Pequod ni jina la kabila mashuhuri la Massachusetts lililokwisha kutoweka kama Wamedi wa kale. Analisema hilo kwa wepesi, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mkataba wa Hartford wa mwaka 1638 ulikuwa umewakataza manusura wa Mystic hata kulitumia jina lao, na simulizi za walowezi zikalirudia tangazo la kifo chao mpaka likawa maarifa ya kawaida. Katika kurasa za mwisho, merikebu hiyo inapozama, Tashtego, mwenyeji wa Gay Head, anaendelea kuipigilia bendera mlingotini mpaka bawa la mwewe linanaswa kati ya nyundo na mti, na ndege anazamishwa akiwa amefunikwa kwa bendera ya Ahab. Melville alimpa mwenyeji nyundo ya mwisho, lakini alimzamisha pamoja na jina la Wapequot. Wapequot wenyewe walikuwapo Connecticut siku kitabu kilipochapishwa. Wale wa Mashantucket walitambuliwa rasmi na serikali ya shirikisho mwaka 1983.